Tumebandua lipu nyumba ya bibi Mji Mkongwe, tumekuta vidaka na mawe ya kuchongwa. Naomba msaada kuyajua na kuyatunza

mjukuu_wa_Malindi (mleta uzi)

Assalaam alaykum, wakubwa kwa wadogo.

Nyumba ya bibi yetu iko Malindi, Unguja. Ghorofa mbili, mawe na boriti. Bibi alitangulia mbele ya haki miaka miwili nyuma, na wajukuu tumekubaliana nyumba isiuzwe. Ukuta wa ukumbini chini ulikuwa umechoka sana: rangi inabanduka, lipu imevimba, ukigusa unamwagika unga mweupe wa chumvi. Fundi akasema dawa ni kubandua lipu yote ya saruji na kupiga mpya. Akaanza Jumamosi asubuhi. Kufika saa nne tindo likazama. Nyuma ya lipu kulikuwa na uwazi uliojazwa kifusi, na juu yake tao dogo. Tukamsimamisha pale pale.

Kifusi tumekitoa kwa mikono, siku mbili. Tulichokuta ni hiki. Ukutani kuna vidaka vitatu, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, vilivyopangana, kimoja kizima na viwili vimevunjwa midomo. Ndani ya kifusi mlikuwa na vipande vitatu vya jiwe jepesi, jeupe la kuelekea manjano, vimechongwa: pembeni kuna nakshi ya kamba iliyosokotwa, katikati ua. Kipande kikubwa kina urefu kama wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Uani, karibu na kisima, chini ya zege, tumekuta bamba jeusi zito mno, katikati limebonyea. Pembeni yake kijiwe kidogo cha duara, kinakwaruza kama msasa.

Na kuna kizingiti cha marumaru nyeupe mlango wa choo cha chini. Hiki kimeniumiza roho. Kilikuwa na madoa, nikamwagia dawa ya choo, ile kali. Ikatoa povu, nikadhani inasafisha. Nilipoosha, pale pote pameparara kama chaki, mng'ao umekwenda.

Fundi anataka kuendelea na saruji Jumatatu. Kaka yangu anataka mawe ya ukuta yaachwe wazi bila lipu, kama tunavyoona kwenye mahoteli. Na jana amekuja mtu, sijui nani kamwambia, anataka kununua vile vipande vya nakshi kwa fedha taslimu.

Naomba kujua: haya ni mawe gani, na nianzie wapi?

Mwashi_Pangani

Wa alaykum salaam mwanangu. Fundi wako mwambie Jumatatu apumzike. Saruji usiiweke. Mengine yote yanaweza kusubiri, hili haliwezi.

Mimi nimeshika mwiko miaka mingi huku Pangani na Tanga, kwenye nyumba za namna hiyo hiyo. Ukuta wako ni mawe ya matumbawe yasiyochongwa, yamepangwa kwa udongo mwekundu, mchanga na chokaa. Ukuta huo hauna msingi wa kuzuia maji kama nyumba za sasa. Unakunywa maji kutoka chini na unayatoa kupitia usoni, kila siku, na chokaa inamruhusu. Maji yale yana chumvi ya ardhini. Ukimpiga saruji, maji hayapati njia, yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chumvi inaganda nyuma ya lipu. Ikiganda inatanuka ndani ya vitundu vya jiwe na kulisaga. Unga ule uliouona ni jiwe lenyewe pamoja na chumvi. Na saruji ni ngumu kuliko tumbawe, kwa hiyo kikitokea cha kupasuka hapasuki yeye, linapasuka jiwe.

Nimeziona nyumba zilizopigwa saruji mara tatu ndani ya miaka ishirini, na kila mara fundi analaumu fundi aliyepita. Wote walikosea kitu kimoja.

Endelea kubandua, ila taratibu: tindo dogo, nyundo nyepesi, kulazwa pembeni, si kuchoma ndani. Kinachokataa kutoka kiache. Saruji iliyong'ang'ania ukiivuta kwa nguvu inaondoka na uso wa jiwe.

mawe_na_miamba

Mimi nimesomea jiolojia. Niseme jinsi ya kuyatambua bila maabara, maana hapo una mawe ya asili mbalimbali.

Tafuta punje iliyoanguka yenyewe, isiwe ya uso wenye nakshi. Dondoshea tone la siki. Ikichemka vipovu, hiyo ni kalisiamu kaboneti: matumbawe, marumaru, mawe chokaa, na hata lipu ya chokaa, vyote ni ukoo mmoja. Isipochemka, unashughulika na kitu kingine. Baada ya hapo jaribu ugumu, mahali pasipoonekana. Jasi inakwaruzwa na ukucha. Marumaru na tumbawe hukwaruzwa na msumari kwa urahisi. Jiwe linalokataa msumari na lenyewe likakwaruza chupa, hilo ni la jamii ngumu.

Sasa umeelewa kilichotokea kwenye kizingiti. Dawa ya choo ni asidi, na marumaru ni kalisiamu kaboneti. Povu ulilolifurahia lilikuwa jiwe linayeyuka. Usirudie, wala usijaribu ndimu, wala siki kwa wingi. Habari njema ni kwamba kilicholiwa ni ngozi ya juu tu.

Jaribu lile bamba jeusi, uje utuambie.

BintAmu

Dada yangu, mimi ni wa Lamu, nimelia kidogo kusoma hapo kwenye kifusi. Kwetu vidaka tunaviita zidaka, na nyumba za karne ya 18 zina ukuta mzima wa zidaka kule ndani, mwisho wa nyumba, chumba cha bi mwenye nyumba. Safu kwa safu, na kila kimoja kina mdomo wake na nakshi yake.

Naomba uangalie jambo moja kabla hujaviita vyote mawe ya kuchongwa. Nyakati nyingi nakshi haikuchongwa kwenye jiwe, ilikatwa kwenye lipu ya chokaa ingali mbichi. Pale Kidichi, kwenye hamamu aliyoijenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mapambo yale ya maua na ndege ni lipu. Tazama mahali palipovunjika, tena kwa kioo cha kukuzia. Ukiona vitundu vidogo vidogo vilivyopangana, mfano wa sega la nyuki lakini kila tundu dogo kama ncha ya kalamu, basi ni tumbawe la baharini. Ukiona mchanga, vipande vya makaa na magamba ya kombe ndani ya kitu cheupe, ni lipu. Zinatunzwa tofauti.

Na kile kijiwe cha duara kinachokwaruza, kishike vizuri. Kikiwa kimeliwa katikati, huo ni msio, wa kusugulia liwa, ule mti wa kunukia. Mwanamke aliketi na msio wake, maji kidogo, kipande cha liwa, akajipaka usoni. Usikitupe, na usikisugue kwa brashi, mashimo yake yanaweza kuwa bado na liwa ya bibi wa bibi yako.

mjukuu_wa_Malindi

Shikamoo mzee wangu Mwashi. Dada BintAmu, Mungu akuweke.

Fundi nimemwambia asije. Amekasirika, lakini atanielewa.

Majibu: vipande vitatu vya nakshi vimechemka siki (punje tu, si usoni), na vina vile vitundu vya sega, wazi kabisa. Midomo ya vidaka ni lipu, ina makaa ndani. Bamba jeusi halikuchemka hata kidogo, msumari umeacha alama ya chuma juu yake badala ya kulikwaruza, na limekwaruza chupa. Kijiwe kimeliwa katikati.

mawe_na_miamba

Basi bamba lako si la Unguja. Kisiwa chote ni matumbawe ya kale, mchanga, udongo na mawe chokaa, hakina mwamba wa volkeno. Jiwe jeusi, zito, lenye chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, lisilochemka na lenye ugumu huo, nafasi kubwa ni basalti, na limefika kwa chombo. Ama lililetwa kama bidhaa, ama liliingia kama farumi, uzito wa kutuliza chombo, kwenye tumbo la jahazi. Limetoka bandari gani, picha haiwezi kusema; inabidi kukata utando mwembamba na kuutazama kwa hadubini, na sioni sababu ya kulikata.

Kuhusu vipande vya nakshi: matumbawe ya ujenzi wa pwani yetu ni ya namna mbili, na watu huyachanganya. Lipo jiwe la nchi kavu, mwamba wa matumbawe ya kale yaliyoachwa juu bahari iliposhuka, miaka zaidi ya laki moja iliyopita. Hilo ni gumu, lina mashimo makubwa, halichongeki vizuri. Ndilo limejaa kwenye ukuta wako. La pili lilikatwa baharini likiwa bichi, mara nyingi jamii inayoitwa Porites kisayansi. Likitoka majini ni laini, unalikata kwa shoka dogo na kulichonga upendavyo, kisha likikaa hewani linakuwa gumu. Kwa hiyo mafundi walilitumia pale tu palipohitaji jicho: fremu za milango, matao, mihrabu, makaburi. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe la namna hiyo, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107.

kijana_wa_mjini

Mimi naungana na kaka yake. Mawe yakiachwa wazi yanapendeza, wageni wanapenda kuyaona, na gharama ya lipu inaondoka. Kwa nini tufiche kitu kizuri?

Mwashi_Pangani

Kijana, swali lako ni la haki, nitalijibu bila haraka.

Aliyejenga ukuta ule alijua jiwe lipi la kuvikwa na lipi la kuonekana. Jiwe la nchi kavu aliliokota kwa ukubwa wowote, akalipanga na kujaza mapengo kwa udongo na vigae, kwa sababu alijua litavishwa. Lipu na chokaa ni nguo yake. Ukimvua, mvua inapiga udongo uliomo kati ya mawe, popo na mende wanaingia, siafu wanaingia, mawe yanalegea moja moja. Ndani ya nyumba hakuna mvua, lakini vumbi halikomi na chumvi inakula uso wa jiwe lenyewe, wakati ingekula lipu, ambayo hubadilishwa. Lipu ya chokaa imewekwa pale ili ife kabla ya ukuta.

Jiwe la baharini lililochongwa, hilo lilitengenezwa lionekane. Hapo ndipo fundi alipoweka siku zake.

Kwa hiyo mahoteli unayoyasema yamefanya kinyume pande zote mbili: wamevua kisichotakiwa kuvuliwa, na nakshi wakaipaka vanishi. Nimeona vanishi ikibanduka na nakshi yote, unabaki na jiwe bovu. Mimi naliona hili kuwa msiba, na nalisema wazi.

kijana_wa_mjini

Nimekuelewa mzee. Sikuwa najua kuwa udongo umo ndani.

sheria_ya_urithi

Kuhusu mnunuzi. Dada, usiuze, na usimruhusu arudi kupiga picha.

Mji Mkongwe upo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na toka 1985 ipo Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Kazi yoyote kwenye nyumba ndani ya eneo hilo, hata ya ndani, inataka kibali chao. Peleka maombi, weka picha za vidaka na vipande. Hata kama kazi ilishaanza, ni heri uende mwenyewe kuliko wakukute.

Kwa wanaosoma wakiwa Bara: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, na milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940. Kenya wanayo sheria yao ya makumbusho na urithi ya 2006. Jiwe la kuchongwa likishang'olewa nyumbani kwake na kuuzwa, nusu ya habari yake imekufa, hata likiwekwa kwenye kabati la kioo.

BintAmu

Nakubaliana kabisa. Nyongeza: je, vipande vina maandishi? Nauliza kwa sababu mawe ya namna hiyo yalichongewa pia makaburi, na nisingependa uweke ukumbini jiwe la kaburi la mtu. Geuza nyuma. Kama kuna chokaa ya kujengea mgongoni, kilikuwa ukutani. Tazama pia usoni kama kuna tabaka za chokaa ya kupaka, zihesabu pembeni palipomeguka.

mjukuu_wa_Malindi

Hakuna maandishi. Migongo yote mitatu ina chokaa. Usoni, kwa kioo, nimehesabu tabaka tisa, nyingine nyeupe, moja ya rangi ya buluu iliyopauka, juu kabisa rangi ya mafuta ya kijani.

Halafu nikafanya jambo ambalo lingenipasa nilifanye mwanzo. Nilichukua kile kipande kikubwa, nikakiegemeza pembeni mwa kidaka cha kushoto, pale pabaya palipovunjwa. Kimeingia. Mkato wa nyuma umekaa kwenye alama ya chokaa ukutani bila kubakiza nafasi hata ya kidole. Kaka alikuwa ameshika taa, akanyamaza.

Kwa hiyo ni mhimili wa kushoto. Kipande cha pili ni sehemu ya juu yake. Cha tatu kina nakshi ile ile lakini mkabala, kwa hiyo cha upande wa kulia, na mwenziwe hayupo.

Shangazi mkubwa amekuja kuona. Vidaka havijui, alizaliwa vikiwa vimeshazibwa. Lakini bamba jeusi alilijua palepale: mama yake akisagia masala juu yake, na alilipata kwa majirani wa Kihindi walipohama. Amekaa nalo uani hadi magharibi.

Kibali nimeomba, picha nimepeleka. Sasa naomba kufundishwa namna ya kutengeneza.

Mwashi_Pangani

Alhamdulillahi. Shika kalamu.

Kausha kwanza. Ukuta uliobanduliwa uachwe, madirisha wazi, hata miezi miwili au mitatu. Chumvi itatoka nyeupe usoni. Ifagie kwa brashi laini, kavu, uikusanye kwenye karatasi na kuitupa mbali. Usiioshe kwa maji, maana utairudisha ndani. Angalia pia maji yanatoka wapi. Nusu ya kuta ninazoitwa kutibu zina bomba linalovuja au mfereji wa uani ulioziba, na hapo hakuna chokaa itakayosaidia.

Chokaa: tafuta ile iliyochomwa kwenye tanuu na kuzimwa kwa maji, ilowekwe pipani, maji yakiwa juu yake, miezi mitatu ukipata. Ikikaa inakuwa laini kama samli. Ya unga ya mfuko inaweza kutumika, lakini nayo iloweke. Ukizima mwenyewe, tia chokaa kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa. Inachemka na kuruka, na ikikuingia jichoni utapofuka. Miwani na glavu, na watoto wasiwepo.

Mchanga usiwe wa ufukweni, una chumvi. Wa mtoni, au wa shimo uliooshwa. Chokaa sehemu moja, mchanga sehemu mbili na nusu hadi tatu. Mahali pa chini penye unyevu mwingi ongeza unga wa matofali ya kuchoma au vigae vilivyosagwa. Unaisaidia chokaa kukaza hata penye unyevu.

Lowesha ukuta kabla ya kupiga. Tabaka jembamba, lisizidi unene wa kidole kidogo. La pili subiri hadi la kwanza likaze, siku kadhaa. Kisha linda: magunia mabichi, kivuli, kunyunyiza maji asubuhi na jioni. Chokaa iliyokauka kwa jua inapasuka na kuwa unga. Wengi wanashindwa hapa, wanaipiga vizuri halafu wanaondoka. Mwisho ni niru, lipu laini ya chokaa, nyembamba, na kupaka chokaa ya maji, nyepesi kama maziwa, koti nne au tano. Koti moja nene linabanduka.

mawe_na_miamba

Nimefurahia hiyo ya kukaza. Mawe chokaa yakichomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi hutoa hewa ya ukaa na kuwa chokaa kali. Ukiizima kwa maji na kuipiga ukutani, huivuta tena hewa ile ile polepole na kurudi kuwa jiwe. Unyevu ndio unaoiwezesha kuvuta. Kwa hiyo lipu yake mwisho wake ni kitu kile kile ukuta ulichotengenezwa nacho.

MzanzibariMaskati

Niongeze kidogo kutoka huku Omani. Ngome na mifereji ya zamani huku imepigwa kitu wanachokiita saruji, ya udongo uliochomwa na kusagwa, inayokaza hata penye maji. Jina letu la simenti limetoka huko, lakini kitu chenyewe ni jamii ya hiyo chokaa yenye unga wa matofali aliyoitaja mzee. Zamani mtu akisema saruji hakuwa na maana ya mfuko wa dukani.

Na nani anakumbuka kupiga sakafu? Bibi yangu alisimulia watu wamepanga safu juu ya dari, kila mmoja na kipande chake, wanapiga chokaa na kokoto siku kwa siku, na nyimbo.

Mwashi_Pangani

Nilikuwa mtoto, nimeiona mara moja. Wakiacha kuimba mapigo yanapotea na sakafu haifungi sawa.

BintAmu

Vipande vya nakshi sasa. Rangi ya mafuta usiitoe kwa tindo, wala grinda, wala brashi ya waya. Kisu cha mbao au cha mfupa, subira, na maji kidogo. Palipogoma paache, jicho litazoea. Tabaka za chokaa za chini ziache zote mahali pamoja, hata upana wa viganja viwili, ili mtu baada yako aone ile buluu.

Chumvi ndani ya nakshi: karatasi nyeupe isiyo na wino, irowanishe kwa maji ya mvua, iponde hadi iwe uji mzito, bandika juu ya jiwe. Ikikauka yenyewe inavuta chumvi. Bandua, rudia mara tatu au nne.

Kuunga: kama unataka kipini cha kushikilia kipande kizito, kisiwe nondo wala msumari. Chuma cha kawaida kinashika kutu, kutu inatanuka, na jiwe linapasuka kutoka ndani. Nimeona mihrabu iliyopasuka hivyo. Tumia chuma kisichoshika kutu, ukiunganishe kwa chokaa laini, gundi za plastiki zikae mbali.

Na la mwisho, mtu asikuuzie tumbawe bichi la kuchongea kile kipande kilichopotea. Matumbawe hai hayaruhusiwi kukatwa, na samaki wetu wanazaliwa pale.

mjukuu_wa_Malindi

Na pasipo na nakshi tufanyeje? Fundi mmoja anasema atanichongea kwa saruji nyeupe, isijulikane ipi ya kale na ipi mpya.

BintAmu

Hiyo "isijulikane" ndiyo ninayoikataa. Weka lipu ya chokaa, umbo sawa, bila nakshi, irudi ndani kidogo, unene wa ganda la yai. Mtu akisimama mlangoni anaona kidaka kizima. Akisogea anajua ipi ni kazi ya yule fundi wa kwanza. Hatuna haki ya kumsemea.

mawe_na_miamba

Kizingiti: osha kwa maji mengi na sabuni isiyo na asidi. Kisha msasa wa maji, kwa mkono, namba 400, halafu 800, halafu 1500, maji yakitiririka muda wote. Usitumie mashine, itachimba mabonde. Madoa yaliyozama, changanya magadi ya kuokea na maji yawe uji, bandika, funika kwa nailoni usiku kucha.

mjukuu_wa_Malindi

*Baada ya miezi mitano.*

Wakubwa, nimerudi. Samahani kwa ukimya.

Kibali kilipatikana. Ukuta tuliuacha wazi miezi mitatu, na ilikuwa kweli: chumvi ilitoka, tukafagia, ikatoka tena, kidogo kidogo zaidi. Bomba la jirani lilikuwa linavuja chini ya ukuta, tumelitengeneza kwa gharama za pamoja. Fundi wetu yule yule aliyekasirika ndiye amefanya kazi. Nilimsomea uzi huu wote kwenye simu, sehemu ya mzee Mwashi akaomba nirudie. Mwanzo alikuwa na mashaka na mchanganyiko usio na saruji. Tabaka la kwanza lilipasuka kwa sababu tulisahau magunia siku mbili, akalikwangua mwenyewe na kupiga tena bila kudai kitu.

Vidaka viwili vimekamilika. Mhimili wa kushoto umerudi mahali pake, na kipande cha juu chake. Mkono wa kulia tumeweka kile cha tatu, na chini yake lipu tupu kama alivyosema BintAmu. Ile buluu ipo, upana wa viganja vitatu. Kaka ndiye anayewaonyesha wageni.

Masika imekuja ukuta ukiwa mpya. Ulibadilika rangi hadi usawa wa goti, nikaogopa. Baada ya siku kumi ukakauka wenyewe, haukuvimba. Unga kidogo umetoka pembeni karibu na mlango, nafagia kila Ijumaa.

Marumaru haijarudi kama zamani. Inang'aa, lakini ukiinama dhidi ya mwanga unaona ramani ya ile dawa. Bamba jeusi liko uani, shangazi amesagia bizari juu yake siku ya khitma. Msio tumeuweka ndani ya kidaka kizima, haujasuguliwa.

Kidaka cha kati bado. Mdomo wake wa chini umeoza zaidi ya tulivyodhani na nyuma yake kuna boriti iliyoliwa na mchwa. Mzee Mwashi, nitaweka picha kesho mchana mwanga ukiingia, naomba unitazamie kama boriti inabadilishwa kabla ya lipu au tunaweza kuanza na mdomo.

Mwashi_Pangani

Boriti kwanza, mwanangu. Na usiondoe ya zamani kabla hujaegemeza tao kwa mbao mbili. Lete picha.